Tupeane uzoefu: kuchagua hambaka za mtindo wa zamani za kubadilishia kwenye gitaa la umeme

nyuzi_sita

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni kwa wanaotaka kutoa pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) zilizokuja na gitaa na kuweka hambaka (pikapu za koili mbili zinazofuta mngurumo) zilizotengenezwa kwa kuiga zile za miaka ya 1950, zile maarufu kwa jina la PAF. Mwenye ujuzi alete vipimo, aina ya waya, sumaku, ufungaji, na kinachoharibika na kwa nini. Anayeuliza ataje gitaa, ampu (amplifaya) na muziki anaopiga, la sivyo atajibiwa hewani.

Naweka msingi. Hambaka hii ilibuniwa na Seth Lover akiwa Gibson, Kalamazoo, Michigan. Hataza iliombwa 1955, magitaa ya Les Paul yakaanza kufungwa pikapu hizi 1957, hataza ikatoka Julai 1959. Jina PAF limetokana na stika ya chini iliyosema kwamba hataza imeombwa, na stika hiyo iliendelea kubandikwa hadi kama 1962. Ndani yake kuna bobini mbili (viunzi vya kuviringishia waya; vikishaviringishwa ndizo koili), kila moja ina karibu mizunguko 5,000 ya waya wa shaba geji (kipimo cha unene) 42 uliopakwa enameli. Chini yake imelala sumaku moja ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti). Koili moja ina skrubu sita, nyingine ina pini sita. Koili zimepishana upande wa sumaku na mwelekeo wa waya, kwa hiyo mngurumo wa umeme unajifuta wakati sauti ya nyuzi inajumlishwa. Kwa nyumba zetu nyingi ambazo ethi ya ukutani ni ya kubahatisha, hilo peke yake ni sababu tosha.

Sasa tambueni jambo moja: zile za zamani hazikuwa na kipimo kimoja. Mashine za kusuka zilisimamishwa kwa mkono, koili moja ikizidi nyingine, na sumaku ilichukuliwa iliyokuwepo: alniko 2, 3, 4 au 5. Kwa hiyo anayekuuzia "sauti halisi ya 1959" anakuuzia moja kati ya sauti nyingi za 1959. Muulize ni ipi.

fundi_waya

Asante mkuu kwa kufungua. Nianze na kosa linalowagharimu wengi: kuchagua pikapu kwa kusoma kilo-omu tu, yaani ukinzani wa waya wake.

Ukinzani unakwambia urefu na unene wa waya, basi. Waya wa geji 42 una karibu omu 5.4 kwa mita. Wa geji 43 ni mwembamba zaidi na una karibu omu 7. Ukisuka mizunguko ileile kwa geji 43, mita ya umeme itaonyesha namba kubwa kwa takriban asilimia 29 bila pikapu kuongezeka nguvu kwa kiasi hicho. Ndiyo maana pikapu mbili zilizoandikwa kilo-omu 10 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Ukitaka sauti ya zamani, tafuta geji 42 yenye enameli ya kawaida, kilo-omu 7 hadi 8.5. Ikipita 9 kwa waya huohuo, umeshahamia kwenye pikapu ya kusukuma ampu.

Joto nalo linadanganya. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Pikapu iliyopimwa kilo-omu 8.0 kiwandani kwa nyuzi 20 itasoma karibu 8.4 kwenye meza ya fundi Dar es Salaam kukiwa na nyuzi 32. Usirudishe mzigo ukidhani umetapeliwa. Na ukilinganisha pikapu mbili, zipime chumba kimoja, saa ileile, na usizishike mkononi kwa muda mrefu kabla ya kupima.

Kipimo chenye maana zaidi ni induktansi (jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo), inayopimwa kwa henri. Hambaka ya mtindo wa zamani huwa karibu henri 4 hadi 5. Zile kali zinafika 8. Namba hii pamoja na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi) ndiyo inayoamua sauti za juu zinaishia wapi. Chukua pikapu ya henri 4.5 na kebo ya mita 6 yenye pikofaradi 100 kwa mita. Ukiongeza pikofaradi 100 za pikapu yenyewe, kilele cha sauti (masafa yanayotoka kwa nguvu zaidi) kinakaa karibu hezi 2,800. Badilisha kebo tu, weka ya mita 3, kilele kinapanda hadi karibu 3,750. Pikapu ya henri 8 kwenye kebo ile ndefu inashuka hadi kama 2,100, na hapo ndipo watu wanaposema gitaa lina blanketi. Kabla ya kununua pikapu kwa sababu gitaa limefifia, azima kebo fupi nzuri kwanza.

alniko_tu

Naongezea upande wa sumaku, maana @fundi_waya amemaliza waya.

Alniko 2 inagonga kwa ulaini, besi inalegea kidogo, nyuzi nyembamba zinakuwa nene. Alniko 5 ina nguvu zaidi, besi imekaza, sauti za juu zinachoma ukiwa na ampu angavu. Alniko 4 ipo katikati na haina tabia ya kujitokeza, ndiyo maana naipenda kwenye pikapu ya shingo. Alniko 3 ndiyo dhaifu kuliko zote, tamu kwa sauti safi.

Mifano inayopatikana kirahisi: Seth Lover ya Seymour Duncan, ambayo Seth Lover mwenyewe alishiriki kuibuni, ina alniko 2, karibu kilo-omu 7.2 shingoni na 8.1 kwenye briji (upande wa daraja), haikuzamishwa nta (inayozuia koili zisitikisike na kulia). Modeli ya '59 ya kampuni hiyohiyo ina ukinzani unaokaribiana na huo lakini sumaku ni alniko 5, na imezamishwa nta. Zipige moja baada ya nyingine: ukinzani unakaribiana, tabia mbali. '57 Classic ya Gibson ni alniko 2, koili zake zina mizunguko sawa, na ina nta. BurstBucker 1, 2 na 3 nazo ni alniko 2, ila koili zinapishana mizunguko na hazina nta. Koili zikipishana, mngurumo kidogo unabaki, lakini sauti za juu zinakuwa na uwazi ambao koili sawa hazina.

Ukishanunua na hujaridhika, usikimbilie kuuza. Badilisha sumaku, ni kazi ndogo. Toa pikapu. Kama ina kifuniko, yeyusha risasi ya kulehemu pande zote mbili kilipounganishwa na bamba la chini. Legeza skrubu nne za chini zinazoshika bobini, kisha zungusha nje kidogo zile skrubu sita za koili, maana zinapita kwenye kipande cha chuma kinachobanana na sumaku. Kabla hujaivuta, weka alama ya wino upande unaoelekea skrubu. Sukuma sumaku itoke kwa ubavu na kijiti cha mbao, ingiza mpya ukiwa umehakikisha kwa dira kwamba upande wenye alama una ncha ileile. Ukiigeuza, pikapu hiyo itapingana na mwenzake. Na usinyanyue bobini juu: waya unaounganisha koili mbili ni mwembamba kuliko unywele, ukikatika hapo umeua pikapu.

sebene_safi

Wakuu, mnapotaja sauti mnafikiria gitaa lililochafuliwa na ampu. Sisi wa rumba na dansi tunapiga safi, nyuzi za juu, shingo ya gitaa kuanzia kitundu (freti) cha tano kwenda chini kwenye mwili. Kwetu pikapu yenye mizunguko mingi ni hasara tupu: noti zinashikana, ridhimu na solo zinagombania sauti za kati, na mwimbaji anazama.

Mapendekezo yangu kwa sebene: shingoni kilo-omu 7.0 hadi 7.4 na alniko 2 au 3, briji 7.8 hadi 8.2 na alniko 5. Briji inahitaji mizunguko zaidi kwa sababu uzi hautikisiki sana karibu na daraja. Swichi ikiwa katikati, tofauti ikizidi kilo-omu 1, briji inameza shingo na utamu wa kuchanganya unapotea.

Kimo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bonyeza uzi wa kwanza na wa sita kwenye kitundu cha mwisho, pima kutoka juu ya skrubu hadi chini ya uzi. Anza na milimita 1.2 kwenye briji na 2.4 shingoni. Kwa sauti safi, shusha ya shingo hata hadi 3, kisha inua skrubu za nyuzi mbili nyembamba robo mzunguko kwa wakati hadi nyuzi zote zitoke sawa. Pikapu nyingi zinazosemwa zina matope zipo juu mno tu.

dukani_kwa_magitaa

Vipimo vya kimwili kabla hujalipa, kwa sababu hapa ndipo mizigo inarudi:

Pima nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale pikapu inapokaa. Hambaka za mtindo wa zamani zina karibu milimita 49 hadi 50 kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita. Magitaa yenye briji ya mtindo wa Fender yanahitaji karibu 53. Milimita moja pembeni haisikiki. Zikifika mbili na zaidi kwa uzi mmoja, unaanza kuona uzi mwembamba unapotea ukivuta noti.

Miguu ya bamba la chini: mirefu haiingii kwenye magitaa yenye shimo la kina kifupi. Skrubu za kurekebisha kimo za Marekani zina meno ya inchi, za magitaa mengi ya Asia ni ya milimita. Usilazimishe, utaharibu meno ya tundu la mguu. Tumia skrubu zilizokuja na pikapu.

Kifuniko kiwe cha aloi ya shaba, nikeli na zinki. Cha brasi (shaba na zinki tu) kilichopakwa nikeli kinapitisha umeme vizuri mno, mikondo inazunguka ndani yake na kula sauti za juu. Wa Pwani wajue pia kwamba nikeli inafifia kwa jasho na hewa ya chumvi. Futeni kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, msitumie dawa ya kung'arishia.

fundi_waya

Nirudi kwenye kufunga, maana pikapu nzuri inauawa na fundi mwenye haraka.

Potenshometa (vidhibiti vya kuzungusha) ziwe kilo-omu 500, voliyumu na toni. Zipime: nyingi zilizoandikwa 500 zinasoma 420 hadi 550. Zilizo kubwa weka kwenye voliyumu. Ukikuta 250 au 300 kwenye gitaa, badilisha hizo kwanza, huenda pikapu za zamani zikafufuka. Kapasita ya toni mikrofaradi 0.022. Ukiunganisha toni kwenye mguu wa kati wa voliyumu, mguu wa kutokea, badala ya wa kuingilia, sauti za juu hazipotei sana ukishusha voliyumu. Hivyo ndivyo waya zilivyopangwa miaka ya 1950.

Rangi za waya hazifanani. Seymour Duncan yenye waya nne: nyeusi ndiyo ya sauti, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa zenyewe na kufunikwa, kijani na waya mtupu vinakwenda ethi. DiMarzio: nyekundu ndiyo ya sauti, nyeusi na nyeupe zinaunganishwa, kijani na mtupu ethi. Ukichanganya michoro, koili zinapingana: sauti inakuwa nyembamba, ndogo, na mngurumo unaongezeka badala ya kupungua.

Kulehemu ethi kwenye mgongo wa potenshometa, tumia pasi ya wati 40 hadi 60, kwaruza mgongo na msasa kwanza, sekunde tatu nne basi. Pasi dhaifu ndiyo inayounguza, kwa sababu unaishikilia muda mrefu na joto linaingia ndani.

Kabla ya kurudisha kila kitu, pima mwelekeo. Mita kwenye kilo-omu 20, ncha nyekundu kwenye waya wa sauti, nyeusi kwenye ethi. Gusisha bisibisi ya chuma juu ya skrubu, kisha inyanyue haraka. Namba itaruka juu au chini kwa muda mfupi. Pikapu zote mbili ziruke upande mmoja. Zikipingana, swichi ya katikati itatoa sauti ya puani.

kinanda_na_gita

Shukrani wakuu. Swali: nimeona waya wa zamani ni mmoja tu uliofumwa kwa chuma nje. Zikipingana hapo nageuza nini?

alniko_tu

Usigeuze waya, kaka. Ule ufumo wa nje umeungana na bamba na kifuniko, ukiufanya ndio waya wa sauti basi chuma chote cha pikapu kinakuwa antena na ukikigusa kinalia. Kwenye waya wa aina hiyo unageuza sumaku: itoe kama nilivyoeleza, igeuze ili upande wenye alama uelekee pini badala ya skrubu, irudishe.

kinanda_na_gita

Sawa mkuu. Na zile zisizo na nta, kanisani spika ziko karibu sana na jukwaa. Zitapiga kelele?

fundi_waya

Zinaweza. Ila tofautisha kelele mbili. Ikianza kulia, ziba nyuzi zote kwa kiganja. Ikinyamaza, ni nyuzi zinazotikiswa na spika, pikapu haina kosa: sogea au punguza. Ikiendelea kwa mlio mwembamba wa juu, ni pikapu yenyewe. Bonyeza kifuniko kwa kidole wakati inalia. Mlio ukibadilika, kifuniko hakijagusana na bobini, na matone machache ya nta ndani yake yanatosha, sauti ya pikapu haitabadilika.

Usipobadilika, koili ndizo zimelegea na inabidi kuizamisha. Parafini sehemu nne, nta ya nyuki sehemu moja, kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si moja kwa moja juu ya moto kwa sababu nta inawaka. Kipimajoto kisome nyuzi 60 hadi 65. Zamisha dakika 15 hadi 20, mpaka mapovu yaishe, toa, futa nta ya nje ikiwa bado ya moto. Ukizidisha joto, bobini za plastiki ya butireti, ile iliyotumika kwenye PAF na inayotumika kwenye nakala nyingi makini, zinapinda na hazirudi. Kama ni PAF halisi ya zamani, usiizamishe kabisa. Kwa kanisa lenye spika karibu, nunua tu iliyozamishwa kiwandani.