Mzee ana mpira wa mkojo, kutwa anatibiwa "fangasi wa figo", na mpira wenyewe hakuna anayeugusa!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Baba ana tezi dume na kisukari, anasubiri upasuaji. Kila akipimwa mkojo majibu yanakuja fangasi, na hapo ndipo biashara inapoanza: UTI sugu, fangasi wamepanda kwenye figo, leteni hela. Kwanza wakamchoma seftriaksoni. Sindano ya bakteria, kwa fangasi! Antibayotiki hizo hizo ndizo zinazowaachia kandida, yaani fangasi wenyewe hao, nafasi ya kuzaliana, na bado wakarudia.

Kisha tukauziwa itrakonazoli, dawa ya fangasi, kwa bei ya kutoa machozi. Dawa ile haifiki kwenye mkojo kwa kiwango cha maana! Inayofika vizuri ni flukonazoli. Nayo walipompa, nani aliuliza mzee anameza nini kingine? Yuko kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na flukonazoli huiongezea nguvu. Sukari ikaporomoka usiku, jasho linamtoka, anaongea ovyo, tunakimbizana na chai ya sukari.

Muda wote huo mpira ni ule ule. Nilipouliza kwa nini haubadilishwi nikajibiwa, "Kwani wewe daktari?"

Daktari wa mkojo wa rufaa ndiye aliyetuambia: mtu mwenye mpira, hana homa, hana maumivu ya ubavu, fangasi kuonekana tu kwenye mkojo mara nyingi si ugonjwa wa kutibu. Toa mpira, au weka mpya, pima tena. Mwenye dalili ndiye wa flukonazoli, kwa kawaida miligramu 200 kwa siku, wiki 2. Anayeenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo hupewa siku chache kabla na baada, hata bila dalili. Sawa, lakini tarehe ya upasuaji yenyewe iko wapi?

Na mkojo hakuna aliyeuotesha maabara ili fangasi wakue na ijulikane ni aina gani. Kandida aina ya krusei haisikii flukonazoli, glabrata nayo mara nyingi ni mbishi, hapo mtu anaweza kuhitaji amfoterisini ya mshipa, ambayo nayo inaumiza figo. Sasa bila kujua aina unatibu nini? Unatibu pochi yangu.

Anayejua maabara hapa Dar inayootesha fangasi na kutaja aina, aweke hapa hapa na bei. Wa mitishamba msinifuate PM.