Hundi ikitoka inakatwa usiku huohuo, ikiingia "subiri wiki". Huu ni utaratibu gani?

Wakuu, hasa mlioko Marekani na bado mnalipana kwa hundi, tuongee. Nimechemka na sina mpango wa kupoa.

Hali ni hii. Mwajiri wangu bado analipa kwa hundi ya karatasi (ndiyo, wapo). Nimeipiga picha kwa programu ya benki, mbele na nyuma, sahihi imo, na yale maneno wanayotaka uandike kwamba hundi ni ya kuwekwa kwa simu tu yamo. Programu ikanijibu: imepokelewa. Chini ya hapo kuna mistari miwili. Wa kwanza ni salio lote. Wa pili, kwa herufi za rangi ya majivu ambazo mpaka uisogeze simu puani, ni salio unaloruhusiwa kugusa. Ukitoa la pili kwenye la kwanza unapata mshahara wangu.

Sasa siku hiyohiyo mwenye nyumba naye akaiweka hundi yangu ya kodi. Yeye benki haendi. Ana kijimashine juu ya meza ya ofisi, anapitisha hundi, picha inaondoka. Usiku huohuo benki yangu ilishaiona na kuikataa: salio halitoshi. Makato, dola 35. Mwenye nyumba akaongeza faini yake ya hundi kurudi, kisha faini ya kuchelewa kodi. Mshahara wangu wakati huo ulikuwa umelala kwenye mstari wa kwanza, unaonekana vizuri kabisa, haugusiki.

Kabla hujaniandikia "usiandike hundi kama huna hela": hela ninayo. Wao ndio wameikalia.

Nimekwenda kaunta. Mhudumu ni binti mpole, simlaumu. Kaniambia wamezuia kwa ajili ya usalama wangu. Nikamuuliza, usalama gani huo unaonigharimu dola 35? Akageuza kioo cha kompyuta nione: hakuna jina la mtu aliyeamua, kuna neno moja tu la kuzuia na tarehe ya wiki inayofuata. "Ni mfumo," akasema. Basi. Ukishaambiwa ni mfumo, hakuna tena wa kugombana naye.

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliahidiwa kinyume. Zamani hundi ilikuwa inasafiri yenyewe, karatasi kabisa, kwa malori na ndege za usiku, kutoka benki iliyoipokea hadi benki ya aliyeiandika. Septemba 2001, baada ya mashambulizi, ndege zilipozuiwa kuruka, hundi za nchi nzima zilikwama magunia kwa magunia. Hapo wakubwa wakapata hoja ya kusukuma jambo waliloanza kulizungumza mapema, na Oktoba 28, 2003 ikasainiwa sheria inayoitwa Check 21, ikaanza kazi tarehe hiyohiyo mwaka 2004. Kwa kifupi ilisema: benki si lazima itume karatasi, itume picha, na anayetaka karatasi achapishiwe hundi mbadala kutoka kwenye picha, yenye nguvu ileile kisheria. Kazi ikarahisishwa kweli. Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, ilikuwa na vituo 45 vya kuchakata hundi mwaka 2003. Kufikia 2010 kimebaki kimoja cha karatasi. Malori, ndege, majengo, mishahara ya watu wa zamu za usiku, gharama zote hizo zimeondoka mgongoni mwao.

Je, sisi tumepunguziwa nini?

Muda wa benki kushikilia hela ya hundi uliwekwa na sheria ya 1987, enzi za magunia. Hundi ya "karibu", yaani ya benki inayohudumiwa na kituo kilekile cha Federal Reserve, siku mbili za kazi; ya "mbali" siku tano. Mwaka 2010 vituo vilipobaki kimoja, nchi nzima ikahesabiwa kuwa ni karibu, kwa hiyo siku tano zikafa zenyewe. Hilo nakubali, ni nafuu. Lakini zile siku mbili zipo mpaka leo, na ukiziangalia vizuri siyo kikomo, ni mahali pa kuanzia. Kuna milango ya pembeni. Akaunti ina chini ya siku 30? Mlango. Umeweka zaidi ya dola 6,725 kwa siku moja? Mlango. Salio lako limekuwa hasi mara kwa mara miezi sita iliyopita? Mlango. Benki "ina sababu za msingi za kutilia shaka" hundi? Huo ni geti la tembo. Wakipita humo wanaweza kuongeza siku tano za kazi nyingine, na siku za kazi maana yake Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ndiyo maana ukiambiwa siku saba ujue unakaa wiki na nusu.

Tena kuna hili ambalo wengi hamlijui: ratiba hiyo ya sheria inahusu hundi ya karatasi uliyoiweka. Ukiipiga picha kwa simu, masharti ni ya mkataba wa benki yako. Yaani njia ya haraka kuliko zote, waliyotutangazia wenyewe kwa mabango, ndiyo yenye ulinzi mdogo kuliko zote. Nimeusoma mkataba wangu. Wanaweza kushikilia kadiri watakavyoona inafaa.

Na hundi ikiwa haina salio wanachelewa kujua? Hapana bwana. Benki ya aliyeandika hundi ina mpaka usiku wa manane wa siku ya kazi inayofuata kuamua kama inalipa au inakataa, na ikikataa lazima taarifa irudi upesi. Picha haikai foleni uwanja wa ndege. Bunge lenyewe lilipopitisha Check 21 liliiagiza Federal Reserve ichunguze kama muda wa kushikilia hela ufupishwe. Majibu yalikuja 2007: hakuna haja ya kubadilisha. Hakuna haja kwa nani?

Tukija kwenye makato ndiyo utacheka kwa uchungu. Mwaka 2010 ilianza kazi kanuni kwamba benki isikutoze kwa kupitiliza salio kwenye mashine ya kutolea hela au kadi mpaka uwe umekubali mwenyewe. Safi. Hundi haimo. Kwa hundi hawakuulizi kitu: wakiilipa wengi wanakutoza kwa kupitiliza, wakiikataa bado wapo wanaokutoza kwa kurudi. Halafu kuna ule mchezo wa kupanga malipo ya siku kuanzia kubwa kwenda ndogo, ili hundi moja ya kodi imalize salio kwanza, kisha vile vidogovidogo vyote vigonge mwamba kimoja kimoja, kila kimoja na faini yake. Msidhani natunga. Agosti 2010 Jaji William Alsup, mahakama ya shirikisho kule California, aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishe dola milioni 203 kwa wateja kwa sababu ya upangaji wa aina hiyo kwenye manunuzi ya kadi. Kesi ikazungushwa rufani miaka, ila hoja ilishasemwa mbele ya hakimu: mpangilio haukuwa ajali.

Kuhusu karatasi yenyewe, nina hasira ya pekee. Niliwahi kuomba hundi halisi kwa sababu kiasi kilichokatwa hakikuwa nilichoandika. Nikapewa picha nyeusi na nyeupe, tarakimu moja imevimba mpaka huijui ni moja au saba, sahihi kama mguu wa kuku. Wino, msukumo wa kalamu, alama ya kufuta, vyote vimekwenda na karatasi, na karatasi huwa inaharibiwa. Sheria imeweka haki nzuri ukidai hela iliyokatwa kimakosa: udai ndani ya siku 40, na wakishindwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 10 za kazi wakurudishie mpaka dola 2,500 wakati wanaendelea kuchunguza. Tamu, eh? Ila ni kama ulipewa ile hundi mbadala ya karatasi, ile yenye maandishi kwamba ni nakala halali na unaweza kuitumia kama hundi yenyewe. Picha kwenye kioo haihesabiki. Na kwa kuwa benki sasa zinatumiana picha tupu mwanzo mwisho, hiyo karatasi humwoni anayepewa. Haki imefungwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake hautengenezwi tena.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Kuna mdau kasema kuzuia kunatukinga na matapeli wa hundi feki. Laiti. Utapeli wenyewe unaishi kwenye pengo hilohilo. Hela ikishafunguliwa kwenye akaunti, mtu anaamini hundi imelipika. Hapana, imefunguliwa tu. Tapeli anakutumia hundi ya kiasi kikubwa, anakuomba umrudishie "iliyozidi", unaona hela ipo, unatuma. Wiki kadhaa baadaye hundi inagundulika ni feki, benki inachomoa hela yake yote kwako, na tapeli kashapotea. Kwa hiyo mfanyakazi wa hundi halali anazuiwa, mwathirika wa hundi feki anafunguliwa, na wote wawili hasara ni yao. Mwenye kuona kinga hapo anionyeshe. Tena zipo benki zinazomtoza aliyeweka hundi pale inaporudi, kana kwamba yeye ndiye alikuwa anachungulia akaunti ya mwenzake. Mwaka 2022 shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha lilisema kuwatoza watu wote hivyo bila kuangalia mazingira huenda ni kinyume cha sheria. Wengine waliacha, si wote.

Aliyesema nihamie kulipwa moja kwa moja kwenye akaunti: nimeshamwomba mwajiri mpaka ulimi umekauka. Mwenye kampuni ni mzee, anasaini hundi zake mwenyewe kila Ijumaa na anaona raha. Nifanyeje, nimfukuze?

Aliyeuliza afanye nini wiki hii, sikiliza. Mpaka hili liishe, ipeleke hundi kaunta kwa mkono, usiipige picha. Kwa karatasi, dola 275 za kwanza lazima zifunguliwe siku ya kazi inayofuata, isipokuwa wawe wamekuingiza kwenye mojawapo ya ile milango. Wakisema wanazuia zaidi, wakupe taarifa ya maandishi: sababu na tarehe ya kufungua. Usiondoke bila hiyo karatasi. Kama sababu ni "shaka", hawakukupa taarifa ulipoweka, na hundi ikaja kulipika vizuri, una haki ya kudai urudishiwe makato ya kupitiliza salio yaliyosababishwa na huko kuzuia. Wengi hawadai kwa sababu hawajui, na kaunta hakuna atakayekukumbusha.

Mimi kwa kuwa nilitumia simu, ulinzi huo haunifikii, nimeshaambiwa hivyo kwa ustaarabu kabisa. Malalamiko nimeyapeleka kwa maandishi hata hivyo, pamoja na picha ya ile mistari miwili na tarehe ya hundi ya kodi. Wakijibu nitaweka majibu yao hapa, jina la benki nikilifuta.