Binti yangu kapona korona ila hajarudi kuwa yeye, naombeni ushauri

Mzazi Njiapanda: Wakuu habari za muda huu. Nina binti wa miaka 14, alipata korona miezi 5 iliyopita, wala haikuwa kali, homa siku tatu na mafua akaamka. Tangu hapo huyu mtoto siyo yule, anachoka hovyo, kichwa kinauma, akisoma ukurasa mmoja anaurudia mara tatu na bado haujaingia. Jana nimemkuta anapiga mswaki amekalia ndoo kaipindua, namuuliza vipi ananiambia baba kusimama kunanichosha. Vipimo vya damu vyote safi. Hivi inaweza kuwa korona bado au ndo mambo ya ujana tu?

MamaWatatu: Pole kaka. Mnyang'anye simu kwanza. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo kumbe saa nane usiku yuko macho anachati.

Kipanga2: Simu inahusiana nini na ndoo 😂 Ila korona usiichukulie poa, mimi ya 2021 pua iligoma kabisa, niliunguza sufuria mpaka jirani akaja kugonga mlango, mwenyewe nimekaa naangalia mpira.

Tabibu wa Zamu: Mkuu, hata watoto wanapata kovidi ya muda mrefu, na hata aliyeugua kidogo tu inaweza kumpata. WHO Februari 2023 walitoa maelezo ya watoto peke yao: dalili zinaanza ndani ya miezi 3 tangu aambukizwe, zinadumu angalau miezi 2, na zinamvuruga kwenye shughuli zake za kila siku. Hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha. Swali langu, ni siku gani anakuwa hoi zaidi? Kuna kitu anakuwa amefanya kabla?

Mzazi Njiapanda: Inategemea tu.

Tabibu wa Zamu: Inategemea nini mkuu?

Mzazi Njiapanda: Sawa, nisiwafiche. Huwa namwamsha alfajiri mara mbili kwa wiki tunakimbia. Siku hiyo anajikaza vizuri tu, kesho yake ndo anazima, hata pazia hataki lifunguliwe, siku mbili. Ila jamani mwili haujengwi kitandani, huyu alikuwa mkimbiaji wa shule, na likizo hii nishamwandikisha kambi ya riadha, kocha anamsubiri. Msije mkaniambia nimwache alale tu.

Bingwa Mstaafu: Safi sana mzee, kaza hapohapo! Watoto wa siku hizi mayai matupu, sisi tulikimbia na homa zetu na tukashinda.

Tabibu wa Zamu: Bingwa acha utani. Kuzima siku moja au mbili baada ya kujitumikisha ndo alama yenyewe, na kumkaza zaidi kunaweza kumrudisha nyuma. Simamisha mbio. Shughuli azigawe vipande vidogo, apumzike kabla hajachoka. Halafu mhesabu mapigo akiwa amelala, kisha asimame dakika 10 uhesabu tena. Kwa umri wake yakipanda 40 au zaidi kwa dakika, mwambie daktari. Akizimia au kifua kikimuuma usisubiri.

Mchokonozi: Chai hii. Mtoto hawezi kusimama apige mswaki ila alfajiri anakimbia? Na akaunti yenyewe ina siku mbili. Mtunzi ongeza sukari.

Kipanga2: Nilijua tu, hiyo ndoo ilikuwa ya kisanii mno 😂

MamaWatatu: Nyie nanyi. Mpwa wangu alicheza mechi nzima akalala siku tatu, na shuleni walisema hayohayo, anaigiza. Alilia huyo mtoto mpaka basi. Kaka, ile ya simu naifuta.

Bingwa Mstaafu: Kwa hiyo hakuna kambi?

Mzazi Njiapanda: Mchokonozi, mtunzi gani anahesabu mapigo ya mwanae saa nne usiku? Amelala 74. Amesimama, dakika ya 8 yakafika 118, akaniomba akae. Sikumalizia hizo 10.

Tabibu wa Zamu: Ziandike hizo namba umpelekee daktari, kipimo cha nyumbani hakitoshi kusema ni nini. Na kambi?

Mzazi Njiapanda: Nimeahirisha. Sijafuta, nimeahirisha.

Tabibu wa Zamu: Na zile za alfajiri?

Mzazi Njiapanda: Kesho ilikuwa zamu yetu. Viatu kashavipanga mlangoni mwenyewe, sijui namwambiaje.