Nyasi za asili kwa bustani ya pwani: ukoka, Pemba au zipi?

Mche_Mbichi
Habari wakuu. Kiwanja kipo Kigamboni, udongo ni kichanga, maji ya kisima yana chumvi kidogo. Sehemu ni tatu: mbele, mita 10 kwa 6, penye jua kutwa; chini ya mwembe mkubwa; na kona ya nyuma ambako maji ya kuogea hutuama. Muuza miche anasema niweke nyasi za Kikuyu kote. Mimi nataka mimea ya asili. Nipande nini, wapi?

Udongo_Kichanga
Kikuyu waachie watu wa Limuru na Njombe. Ni ya asili ya Afrika Mashariki kweli, ila ya nyanda za juu zenye baridi. Huku joto linaichosha, na maji ya kisima hayatoshi kuibembeleza. Uasili uupime kwa ukanda wako.

Hapo mbele weka ukoka. Unavumilia jua, chumvi na kukanyagwa. Tandaza samadi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ichanganye na udongo wa juu. Kata vipando vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo 3 au 4. Vilaze kwa mshazari, fukia theluthi mbili, ncha ibaki nje. Kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande utahitaji vipando 25 kwa mita ya mraba, yaani 1,500 kwa eneo lako. Viweke kwenye gunia bichi na uvimalize siku hiyohiyo. Vikipigwa jua saa mbili tatu, nusu havishiki, halafu lawama zinaenda kwa samadi.

Mwagilia asubuhi na jioni wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki, lakini maji yazame hadi sentimita 15. Ukinyunyizia kidogokidogo kila siku, mizizi inabaki juujuu.

Kivuli_Poa
Naongezea ya mwembe. Ukoka kivulini hurefuka ukawa nyuzi tupu. Tafuta nyasi iitwayo Pemba, Stenotaphrum dimidiatum kwa jina la kitaalamu, ile ya jani pana butu inayoota yenyewe pwani. Punguza kwanza matawi ya chini ili jua lipenye kwa muda wa walau saa nne kwa siku. Karibu na shina usilime, utakata mizizi ya mwembe. Hapo shinani achia majani makavu yatande.

Kosa kubwa la Pemba ni kuikata fupi. Ukoka una mashina chini ya ardhi, ukikwanguliwa unarudi. Pemba inatambaa juu tu, ukiikwangua umekata ghala lake la chakula. Weka kisu cha mashine sentimita 6. Majani ya mwembe yanayoiangukia yachakure kila wiki, yakilala juu yake yanaiozesha.

Mche_Mbichi
Shukrani wakuu. Nimeona magugu ya ndago mbele, niyang'oe tu?

Udongo_Kichanga
Ukivuta, jani linakuja, kiazi kinabaki. Chimba taratibu uone: kiazi cheusi kama harage, kimeungwa na uzi mwembamba mgumu kwenda kwa kingine, na kingine. Uzi ukikatika, vilivyokuwa vimelala vinaamka, kwa hiyo jembe huzizidisha.

Kabla ya kupanda, mwagilia eneo tupu na usubiri wiki mbili au tatu zichipue. Chimbua kwa uma wa shamba hadi sentimita 20, chekecha, toa viazi vyote. Rudia mara ya pili, ndipo upande, masika yakianza. Udongo au samadi ya kununua ichunguze vilevile, maana ndago nyingi huingia kwa lori.

Kivuli_Poa
Kona ya maji: mafunjo yanafaa, ila yanapita mita 3 na yatameza kona nzima. Chukua ndugu yake mdogo, Cyperus involucratus, mwenye kichwa kama mwavuli. Kata kichwa na sentimita 5 za shina, punguza majani nusu, kitumbukize kikiwa kimepinduliwa, mwavuli chini na shina juu, kwenye ndoo ya maji. Mizizi hutoka katikati ya mwavuli baada ya wiki mbili tatu. Panda kwa nafasi ya sentimita 40, na maji yenye dawa ya kuondoa madoa yaelekeze kwingine.