Binti yangu ataka kazi ya kuchungulia jua. Ni kazi kweli?

MamaRehema_Kisauni
Assalaam aleikum. Mwanangu amemaliza digrii ya fizikia. Sasa ataka uzamili wa hali ya hewa ya anga za juu, awe akiangalia jua na kuwaonya wanaorusha vyombo. Mjombake asema hiyo si kazi. Mimi sitaki kumvunja moyo, lakini karo yake ni kiwanja nilichoachiwa na marehemu babake. Anayeijua kazi hii anieleze: mtu huingia kazini akafanya nini?

MpimaKina
Mie napima kina cha maji mlango wa Kilindini. Kuna jioni za mwezi Machi, jua likishatua, vipimo vya GPS vyayumba na mashua imetulia tuli. Tulibadilisha antena, tukabadilisha waya, wapi! Kumbe ni ionosfia, lile tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme. Watu wa kutuonya twawahitaji.

ZamuYaUsiku
Wa aleikum salaam mama. Mimi mzaliwa wa Majengo, na kazi hii naifanya nje ya nchi mwaka wa sita.

Ukiingia zamu, kwanza wasoma daftari la aliyekutangulia. Kisha picha za jua: doa lipi limekua, lipi limetuelekea. Jua likilipuka, mwanga wafika kwa dakika nane. Chembe zenye nguvu zaweza kufuata kabla ya saa moja kwisha. Wingu lenyewe la plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme, kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu. Mimi napima kasi yake pichani, naendesha modeli ya kompyuta, halafu nawaandikia waongozaji wa chombo: lafika lini, naweza kukosea kwa saa ngapi, vifaa gani viwe tayari kuzimwa. Hilo la katikati ndilo gumu. Kukosea nusu siku ni kawaida, na ukilificha wamponza mtu.

Agosti 1972 jua lilipiga dhoruba kali, kati ya safari mbili za mwezini, Apollo 16 ya Aprili na Apollo 17 ya Desemba. Wanaanga wangekuwa mwezini siku zile, mionzi ingewadhuru vibaya. Dhoruba hiyo hiyo ililipua mabomu ya sumaku yaliyotegwa baharini Vietnam. Na Februari 2022 dhoruba ndogo tu ilivimbisha hewa ya juu, satelaiti zipatazo 40 za intaneti za Starlink kati ya 49 zikapotea, siku chache tangu zirushwe.

Mjombake ana haki kwa hili: nafasi ni chache, na Mombasa sijaona ofisi yake. Barani kwetu kituo kikubwa kiko Hermanus, Afrika Kusini, na huko wataalamu hukesha saa 24. Lakini yale anayoyasema MpimaKina hutokea zaidi huko kwetu karibu na ikweta, baada ya magharibi. Rehema akiyasomea hayo, atakuwa na ujuzi wa anga ya kwao.

Kiwanja usikiuze kwanza. Atafute ufadhili, na aanze sasa na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: achukue data za eksirei za jua kutoka satelaiti za Marekani ziitwazo GOES, za Mei 2024, achore grafu. Ni bure.

MamaRehema_Kisauni
Yuko nami hapa, kompyuta kashaifungua. Auliza: aanze na tarehe ngapi?

ZamuYaUsiku
Tarehe 8, mama. Dhoruba yenyewe ilifika tarehe 10, nami nataka aone ilivyokuwa ikijengeka.