Mteja wa Ujerumani anataka kulipia vikoi kwa dola za Linden: tukubali?

Mfumaji wa Likoni anauliza:

Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafumaji saba hapa Likoni, Mombasa. Tuna vitanda vinne vya mfumi, yaani mitambo ya mkono ya kufumia, na kazi yetu ni vikoi vya pamba ambavyo tumekuwa tukiwauzia wenye maduka ya watalii kwa shilingi 1,800 kimoja. Mwezi uliopita mama mmoja wa Ujerumani, ambaye aliziona picha zetu Instagram, aliagiza vikoi 24 na akakubali shilingi 3,000 kwa kila kimoja, bei ambayo hakuna mwenye duka aliyewahi kutupa.

Kinachotutatiza ni masharti yake. Mama huyo ana duka ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa kompyuta ambamo watu huishi kwa sura walizojichagulia, hununua nguo, nyumba na viwanja, na hulipana kwa dola za Linden. Anataka kuyapiga picha mapindo ya vikoi vyetu na kuzigeuza picha hizo kuwa nguo za wakazi wa huko. Nusu ya malipo yetu, yaani shilingi 36,000, anapendekeza kutulipa kwa dola hizo za Linden, ambazo kwa hesabu yake ni kama 70,000. Kuhusu malipo ya michoro yenyewe hakusema neno. Vijana wa kikundi wanaona tumepata mlango mpya, ilhali wazee wanauliza kama pesa hiyo inanunua uzi. Naomba mwenye kujua atueleze jinsi dola hizo zinavyobadilishwa hadi zifike M-Pesa, na kama ni busara kuzipokea.

Fundi wa Mitandao, Nairobi:

Dada katibu, nimewahi kuuza samani za kuchora katika ulimwengu huo, kwa hiyo nitaeleza ninavyoujua. Second Life ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na dola ya Linden si mchezo mtupu, kwa kuwa kampuni yenyewe inaendesha soko liitwalo LindeX ambapo mwenye nazo huziuza akapata dola za Marekani. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa kikikaribia 250 kwa dola moja, na nadhani hapo ndipo mteja wako alipoipata hesabu yake. Lakini hesabu hiyo imeishia mlangoni. Ukishaziuza unakatwa ada ya soko, ukizitoa kwenda PayPal (njia ya kulipana mtandaoni) unakatwa ada nyingine, na ukizihamisha kutoka PayPal kwenda M-Pesa, huduma ambayo Kenya tunayo tangu mwaka 2018, zinabadilishwa kwa kiwango cha wenye huduma, ambacho huwa chini ya kile kinachotangazwa na benki. Mtu akikuambia kwamba 70,000 ni shilingi 36,000, muulize ni 36,000 za wapi: za kwenye kioo cha kompyuta au za kwenye simu ya mwenye kuuza uzi?

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalisomi. Kwa mujibu wa masharti ya kampuni, dola ya Linden si pesa. Ni ruhusa ya kutumia kitu ndani ya mfumo wao, na ruhusa hiyo wanaweza kuibadilisha au kuiondoa. Tangu mwaka 2013 waliwakaza pia wabadilishaji wa nje, kwa hiyo akitokea kijana mtandaoni akasema atakununulia dola zako kwa M-Pesa moja kwa moja, mpite kimya. Akaunti inaweza kufungiwa na salio likabaki humo. Hata waliokuwa ndani wenyewe wameumia: mwaka 2007 benki moja ya kubuni iliyoitwa Ginko Financial, ambayo iliahidi faida kubwa mno kwa wenye akiba, iliporomoka na dola za watu, na mwezi Januari 2008 kampuni ikapiga marufuku benki za namna hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba nguo na michoro viandikiwe ankara mbili. Vikoi 24 ni mali ya kushikika, ina gharama ya uzi na posta, na ilipwe yote kwa pesa halisi, nusu kabla hamjatanda uzi na nusu kabla ya kutuma. Akilipa kwa PayPal, tunzeni risiti ya posta yenye namba ya kufuatilia mzigo, kwa sababu mnunuzi akilalamika kwamba hakupokea kitu, ni namba hiyo itakayowatetea. Michoro ndiyo mnayoweza kuijaribu kwa dola za Linden, maana hata zikipotea hamtakuwa mmepoteza pamba. Na mwambieni mapema kwamba tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa kila kifurushi kinachotoka nje, hata kiwe kidogo namna gani. Kwao Ujerumani kiwango cha kawaida ni asilimia 19, na wateja wengi humlaumu muuzaji kwa kodi ambayo hakuipanga yeye.

Mzee wa Mtande, Lamu:

Binti yangu, mambo ya LindeX nimemwachia huyo fundi. Mimi nitasema juu ya pindo.

Kikoi kimoja ukikiuza kimeondoka kitandani, na mnunuzi wa pili ni lazima umtandie uzi mwingine, upitishe mshindio mwingine, usokote matamvua mengine. Picha ya pindo haiko hivyo. Ikishaingia katika duka la huyo mama, ataiuza mara kumi au mara elfu kumi, na hakuna mfumaji atakayenyanyua mkono. Kwa hiyo kile alichokiomba bure ndicho chenye thamani kubwa kuliko vikoi 24. Sisemi kwamba ana nia mbaya. Huenda hakuona kama ni kitu cha kulipiwa, kwa sababu amezoea kuona michoro ya pwani ikiokotwa kama kombe za ufukweni.

Hili si jambo la kudhania. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili huko neno lenyewe la kikoi kuwa alama yake ya biashara. Ilibidi watu wa Kenya pamoja na marafiki wao wa biashara ya haki kule Uingereza wapinge, na ombi likaachwa. Kama neno lilitaka kuchukuliwa, pindo ambalo halijaandikwa popote litapona vipi? Pigeni picha kila pindo mlilolibuni ninyi wenyewe, liandikeni jina, tarehe na mfumaji wake katika daftari. Mapindo ya kale ambayo kila mtu anayafuma msidai kuwa ni yenu, na msimuuzie huyo mama kana kwamba ni yenu, kwani hamna haki ya kuyauza.

Na mkumbuke tulikotoka. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za huko zikipelekwa hadi Misri. Karne ya kumi na tisa yakaja merekani kwa merikebu, kitambaa cha bei rahisi kilichofumwa kwa mashine, na vitanda vingi vya mfumi katika mwambao huu vikanyamaza. Aliyebaki na kitanda leo asikubali kulipwa kwa kitu ambacho muuza uzi hakipokei.

Binti Tanga:

Naongeza kwa wasomaji wa upande wetu wa mpaka, kwa sababu njia aliyoieleza Fundi haifanyi kazi Tanzania. Sisi tunaweza kulipa kwa PayPal lakini hatuwezi kupokea, na ndiyo maana watu hushawishika kupokea sarafu za kidijitali zilizofungamanishwa na dola. Wajue kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo mwezi Novemba 2019 kuwa sarafu hizo hazitambuliwi kuwa fedha halali nchini. Mimi huuza mikeka ya ukindu, na wateja wangu wa nje hutumia kampuni za kutuma fedha zinazoingiza moja kwa moja katika simu. Ada ipo, lakini naijua kabla ya kukubali oda.

Jirani wa Mikindani:

Samahani, Mzee wangu, kwa heshima zote, pesa ya kubuni si lazima iwe ya kupotea. Hapa jirani yetu Mombasa, katika mtaa wa mabanda uitwao Bangladesh, mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa. Mwanzoni polisi waliwakamata baadhi yao pamoja na Will Ruddick, mwanzilishi wa mpango huo, kwa tuhuma zilizohusu noti bandia, na mashtaka yakaondolewa baadaye mwaka huohuo. Vocha hizo ndizo zilizokuja kuwa Sarafu, ambayo hutumwa kwa simu ya kawaida. Muuza maandazi aliipokea kwa sababu alijua muuza maji ataipokea kwake. Swali la kumuuliza katibu basi ni hili: katika wafumaji saba, ni nani ana haja ya kununua chochote ndani ya Second Life? Kama yupo kijana anayetaka kufungua kibanda humo na kuuza michoro ya kikundi mwenyewe, dola za Linden zitamfaa kulipia hicho kibanda, bila kupitia PayPal wala M-Pesa. Kama hayupo, mtakuwa mnapokea nauli ya basi lisilofika Likoni.

Mfumaji wa Likoni:

Nawashukuru wote, na Mzee wa Lamu shikamoo. Tulikaa Ijumaa baada ya swala, tukamwandikia mteja kama mlivyoshauri, na amejibu kwa uungwana kuliko tulivyotarajia. Vikoi atalipia vyote kwa euro. Michoro tumempa mitatu tu, ile aliyoibuni mwenzetu mmoja mwaka jana, kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa kila nguo atakayoiuza atatupa asilimia 20 kwa dola za Linden, na jina la kikundi liandikwe katika maelezo ya bidhaa. Yule mwenye michoro ndiye aliyefungua akaunti kwa jina lake, na tumekubaliana kwamba hatutaihesabu pesa ya humo katika mgao hadi iwe imefika kwenye simu. Mapindo ya kale tumemwambia kwamba si yetu kuyatoa.

Amana imeingia leo asubuhi, pungufu kwa mia nane na kitu kwa sababu ya kiwango cha kubadilishia, na kufikia adhuhuri ilikuwa imeshakwenda kwa mwenye uzi.