Hivi ni halali kulipua vinu vya nyuklia vya adui kabla hajapata bomu?

Kijana wa Makorora:
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni tumebishana mpaka muuza kahawa akatutimua, mada Iran. Juni 2025 Israel ilianza kupiga tarehe 13, Marekani ikaingia tarehe 22 na zile ndege zao za B-2, wakadondosha mabomu 14 yale ya kutoboa ardhi, moja lina zaidi ya kilo elfu 13, mengi yakaenda Fordow ambako mitambo iko chini ya mlima. Mimi nikasema wamefanya sawa, mtu kila siku anakuombea kifo afu anarutubisha urani, ile malighafi ya nyuklia, mpaka asilimia 60 wakati vinu vingi vya umeme vinaishia asilimia 5, unasubiri nini sasa? Jamaa mmoja akaniuliza, haya walipolipua, ile urani iko wapi? Nikakosa jibu. Nisaidieni, matusi na udini pembeni.

mchambuzi_uchwara:
Uko sahihi mkuu usitishwe. Watu wanasahau Syria. Septemba 2007 Israel ilishusha jengo moja kule Deir ez-Zor karibu na mto Euphrates, rais wao Assad hakurudisha mapigo, Israel yenyewe kimya mpaka 2018 ndo ikakiri. IAEA, wale wakaguzi wa nyuklia wa kimataifa, ilikuja kusema 2011 kwamba kuna uwezekano mkubwa kilikuwa kinu cha nyuklia. Sasa piga hesabu, 2014 ISIS wakalishika eneo lile. Wangekuta kinu pale ingekuwaje?? Sheria za kimataifa nzuri ila nyoka akishaingia chumbani huitishi kikao.

Bi Mdogo wa Fizikia:
Syria nakupa. Lakini lile lilikuwa jengo moja, halijaanza hata kazi. Nenda Iraq.

Tarehe 7 Juni 1981, ndege nane za F-16 za Israel zikalipua kinu cha Osirak nje ya Baghdad, Saddam alikuwa anajengewa na Wafaransa, hata dakika mbili hazikufika kazi imeisha. Wakafa askari 10 wa Iraq na Mfaransa mmoja. Baraza la Usalama likalaani kwa azimio 487 na hata Marekani ya Reagan ilinyoosha mkono kukubali azimio. Sawa, Saddam akafanyaje? Alikuwa na mwanafizikia wake Jafar Dhia Jafar, kamweka kizuizini, akamtoa akamwambia haya fanya kazi. Mradi ukahamia gizani, wakaachana na kinu wakaanza kurutubisha urani kwa masumaku makubwa, njia ya kizamani ambayo Wamarekani waliitumia enzi za vita vya pili, hamna aliyeiwazia. Wakaguzi wamekuja kuiona 1991 baada ya Saddam kutimuliwa Kuwait. Miaka 10 hiyo!

Na swali la mleta mada: kabla ya vita IAEA walikadiria kilo 440 hivi za asilimia 60. Inakaa kwenye mitungi, unapakia kwenye gari unaondoka nayo. Baada ya mabomu Iran ikasitisha ushirikiano, wakaguzi wakafungasha. Yaani muda umeununua kwa kutoa macho yako. Mkataba wa nyuklia wa 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa uliwabana kwenye asilimia 3.67 na kilo 300, kamera zimewashwa, Trump akajitoa 2018. Asilimia 60 ilianza 2021, angalieni mpangilio wa tarehe wenyewe.

mchambuzi_uchwara:
Dada mkataba wenyewe baadhi ya vipengele vilikuwa na tarehe ya kuisha. Unambana mtu miaka 15 ili wa 16 akufanyie nini?

Dereva wa Doha:
Nyie mnaongelea ramani. Mimi niko Doha, usiku wa tarehe 23 tumekaa chumbani watu sita tunakula wali, tumetoka kusikia anga imefungwa, mara madirisha yanatetemeka. Tukapanda juu ya paa, tukaona vimwanga vinapaa vinapasukia hewani, Mpakistani mmoja tunayelala naye akaanza kusali kwa sauti. Iran ilikuwa inapiga Al Udeid, kambi ya Wamarekani huku Qatar. Hakuna aliyekufa, karibu yote yalidunguliwa, lakini mama alikuwa ashapiga simu kutoka Tanga mara 11.

Na kitu hamkigusi ni Bushehr kule Iran. Kile ni kinu cha umeme, kimewashwa, kina fueli ya nyuklia ndani, kiko ng'ambo tu ya bahari hii. Sisi huku maji ya kunywa ni ya bahari, yanatolewa chumvi kiwandani. Mtu akikosea shabaha siku moja nakunywa nini?

mchambuzi_uchwara:
Pole sana ndugu, kwa kweli. Ila bomu la Iran likiwepo si ni wewe huyohuyo jirani?

Dereva wa Doha:
Ni mimi huyohuyo. Ndo maana nataka hao wakaguzi warudi kwanza. Naingia shifti.

Kijana wa Makorora:
Nimesoma yote. Sijageuka, ile ya ISIS bado inanikaa kichwani, ila ya Osirak nilikuwa nimekaririshwa nusu, nilijua kililipuliwa basi yakaisha. Kesho narudi kijiweni na hilo la maji. Muuza kahawa mwenyewe ana kaka yake Muscat.